Waliomwachia Mungu

“Hivi Mama Ipyana, huko kwenu hospitalini anayemwachia Mungu huwa haitwi?”

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, Mama Bupe, siku ya kumaliza matanga ya mumewe, Baba Bupe. Walikuwa nyuma ya nyumba wanamenya ndizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, na wanawake wengine wameenda kuteka maji. Mama Ipyana alijua vizuri anaulizwa nini. Baba Bupe alivaa kifungo cha hospitali kifuani siku arobaini zote, hakukivua hata alipooga, kisha akakaa kusubiri aitwe. Droni ikaja ikashusha kisanduku cha dawa za maumivu mlangoni. Yeye akadhani ndiyo dozi ya kwanza, akazimeza kwa saa bila kukosa, akaendelea kusubiri. Hospitali huita watu Jumatatu, kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi alinyoa ndevu. Akanyoa miezi saba. Mwezi wa nane akanyolewa na wengine.

“Wanaita kwa zamu, mama,” Mama Ipyana alijibu, akaomba kisu kingine, eti hicho alicho nacho ni butu.

Ulipita mwaka na nusu. Mama Bupe hakurudia swali lake, na Mama Ipyana naye hakupata pa kuliweka.

*

Jumatatu hiyo baraza la hospitali lilikuwa na majina tisa ya wagonjwa. La saba lilifika saa nane na robo mchana, na watu wa barazani walikwisha kuchoka hata kukaa. Daktari Masalu, wa mionzi, alikuwa amevua viatu chini ya meza. Daktari Shose, wa dawa, alijiegemeza kwenye ngumi. Daktari Lwitiko, wa upasuaji, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alisoma bila kuinua macho.

“Namba saba. Subilaga Mwaipaja. Miaka hamsini na mbili, muuza vitumbua. Saratani ya umio, sehemu ya kati.”

Picha ya umio ikajitokeza hewani juu ya meza, nyekundu, ikazunguka polepole. Upande mmoja palikuwa na donge la rangi ya kijivu.

“Mwenzenu sijala tangu asubuhi,” Masalu alisema. “Hiyo nyama inavyozungushwa hivyo, mtaniponza.”

Lwitiko aliisimamisha picha kwa kidole.

“Uvimbe haujatoboa ukuta. Wiki tano za dawa na mionzi, wiki sita apumzike, halafu mimi nafungua. Nakata kipande kibovu, navuta tumbo juu, linakuwa koo jipya.”

“Ana kilo arobaini na tatu, Lwitiko,” Shose alisema. “Dawa zangu zikimaliza naye, huyu akimaliza naye kwa mionzi, utamfungua nani? Utafungua shuka.”

“Nimefungua wenye arobaini.”

“Wangapi walirudi kwao kwa miguu?”

“Saba katika kumi.”

“Na wale watatu?”

Lwitiko alirudisha kidole kwenye picha. “Tukikaa mwezi mmoja na nusu bila kufanya kitu, uvimbe unashika njia ya pumzi. Hapo hata mimi kisu sikiinui. Tunamwekea kibomba cha kupitishia uji, tunamtakia heri.”

Mama Ipyana alikuwa pembeni ya meza, mahali pake pa miaka tisa, mtandio umefungwa vizuri, mikono juu ya mapaja. Hakuwa daktari wala muuguzi. Darasa la saba ndilo lililompa kazi ile. Zamani wagonjwa waliitwa wenyewe kukaa na madaktari, na wote, mwenye shamba na mwenye duka, mzee na kijana, walisema jambo moja: kama mtakavyoona ninyi, daktari. Kisha wakitoka wanalia kwa dada zao kwamba wamelazimishwa, au wanatoroka wodini na mipira ya dripu mikononi. Ndipo sheria ikaleta kifungo. Mgonjwa anakivaa nyumbani siku arobaini. Kinasikia anavyozungumza na kuku wake, na wifi yake, na nafsi yake jikoni. Maneno hayo yanaingizwa kwenye kiti kimoja cha mti mweusi pale barazani, ambacho hakikaliwi na mtu, na Kiti kinasema kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe yale ambayo asingethubutu kuwaambia wakubwa. Kiti kikikataa, hata madaktari wote wakubali, shauri limekwisha. Na aliyekataa hapigiwi simu, asije akabembelezwa; anapelekewa dawa za maumivu tu.

Lakini Kiti kilitengenezwa na vijana wa makao makuu, na vijana wa makao makuu hawajui watu wa huku kwenye baridi wanavyoongea. Kwa hiyo kila baraza likapewa Shahidi. Awe mwenyeji, awe mtu anayeaminika kanisani au msikitini kwake, na asiwe amesoma sana, maana aliyesoma huanza kuongea kama madaktari. Kazi yake ilikuwa sentensi mbili tu. Kiti kikisema, Shahidi anajibu: ndivyo tunavyosema. Au: sivyo tunavyosema. Hii ya pili Mama Ipyana aliwahi kuitumia mara nne, na yote yalikuwa mambo madogo. Mara moja Kiti kilidai mgonjwa anaogopa sana kufa; kumbe mama wa watu alikuwa anasema “nakufa mie” kila anapocheka.

“Kiti,” Lwitiko alisema, “mgonjwa anasemaje?”

Sauti ikatoka mgongoni mwa kiti, ya mwanamke, imekwaruza kidogo. “Mimi nimemwachia Mungu.”

Kwenye kioo cha meza likaandikika neno moja: AMEKATAA. Shose akashusha pumzi, si kwa furaha. Masalu akaanza kutafuta viatu kwa vidole vya miguu.

“Shahidi?”

Jibu lilikuwa ulimini. Siku ile ile alikwisha kulitoa mara mbili kwa neno lile lile, kwa mzee wa Kiwira na kwa mama mmoja mwenye saratani ya titi. Mdomo ulifunguka wenyewe, kama mlango uliozoea kusukumwa.

“Naomba neno zima,” alisema.

Wote watatu walimtazama.

“Mama Ipyana,” Masalu alisema kwa upole, “tumebakiza wawili, na kantini inafunga saa tisa.”

“Naomba neno zima, baba. Ni haki ya Shahidi.”

Ilikuwa haki yake kweli, ila hakuwahi kuidai, na Lwitiko alilazimika kutafuta pa kubonyeza. Kisha chumba kikajaa sauti za uwanja wa watu: kuku, cherehani ya kukanyaga, sufuria ikifunikwa. Sauti ya Subilaga ikaja katikati ya hayo, imechangamka.

“Mimi nimemwachia Mungu. Wewe nipunguzie tu hiyo sketi kiunoni, isije ikanidondoka mbele ya madaktari, wakanikata kabla ya siku.”

“Watakuona una mapaja ya kuku,” mwanamke mwingine alisema.

“Ya kuku ndiyo matamu. Kaza hapo, dada.”

Cherehani ikaendelea, kisha kimya.

“Huyu hakukataa,” Mama Ipyana alisema.

“Neno limo daftarini,” Shose alisema. “Halijaanza leo.”

“Anayekataa hospitali hapunguzi sketi ya kwendea hospitali.”

“Kiti,” Lwitiko aliamuru, “soma daftari.”

Kiti kikaacha sauti ya Subilaga, kikasoma kwa sauti isiyo ya mtu. “Neno la kumi na nne. Kumwachia Mungu: kukataa matibabu. Limethibitishwa na Shahidi wa kanda hii, Tusajigwe Mwansasu, mwaka wa kwanza wa baraza.”

Tusajigwe Mwansasu ndiye yeye. Hakuitwa jina hilo na mtu tangu mumewe afariki.

Akamkumbuka mzee yule wa mwaka wa kwanza, mrefu, mwenye jicho moja. Alikuwa amezitupa dawa zote chooni mbele ya wanawe, akawaambia amemwachia Mungu na wasimfuate tena. Baraza lilimuuliza Mama Ipyana: watu wa huku wakikataa dawa, husema hivi? Akasema ndivyo. Na kwa mzee yule ndivyo ilivyokuwa. Ila hakuna aliyemuuliza kama wasiokataa nao husema hivyo hivyo, na yeye, akiwa mgeni kwenye meza ya watu wakubwa, aliona si adabu kujibu swali ambalo hajaulizwa. Vijana wa makao makuu wakaliandika. Na tangu siku hiyo kila neno lile lilipotoka kitini aliulizwa kama ndivyo tunavyosema, na kweli ndivyo tunavyosema. Yeye mwenyewe alikuwa amemwachia Mungu mvua, na mguu wake wa kushoto, na Ipyana aliyeko Songea asiyepiga simu. Bado alipanda maharage, bado aliupaka mguu dawa, bado kila Jumapili alimpigia Ipyana simu.

“Limetumika mara ngapi?” aliuliza.

“Vikao arobaini na kimoja,” Kiti kilijibu.

Lwitiko alinyoosha mkono, akakizima.

“Sikiliza, mama,” alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu wa miaka sitini aliyeketi mezani tangu alfajiri. “Ukisema leo sivyo, hilo si la Subilaga peke yake. Ni kulifuta neno. Neno likifutwa, vikao vyote vilivyolitumia vinafunguliwa, na sheria inasema Shahidi ndiye atakayekwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wenyewe. Si kwa simu. Kwa mdomo. Wangapi kati ya hao arobaini na moja wako hai?”

“Sijui, daktari.”

“Mimi najua. Watatu.”

Shose akaongeza taratibu, “Na kuna waliokataa kweli, mama. Utawaambia watoto wao nini? Kwamba huenda baba yenu alikataa, huenda hakukataa?”

“Sheria inakupa siku moja ya kutafakari,” Lwitiko alisema. “Kesho saa tatu. Sasa, namba nane.”

*

Hakwenda nyumbani kwake. Alipita mlango wake, paka wake akimlilia, akaenda moja kwa moja kwa Mama Bupe.

Ilikuwa saa kumi, jua bado lipo. Mlimani mashine za kuchuma chai zilikuwa zinatambaa kwenye mistari yake bila mtu. Mama Bupe alikuwa ameketi kwenye mkeka anachagua maharage, miguu ameinyoosha.

“Karibu, mtu wa serikali. Leo wamekuachia mapema?”

“Wameniachia.”

“Basi kaa uchague, usikae bure kama mgeni wa harusi. Mawe huku, mabovu kule. Na miwani yako vaa, mara ya mwisho ulinilisha jiwe.”

Mama Ipyana alikaa, akavaa miwani. Wakachagua. Maharage yalikuwa ya njano, na mabovu yalikuwa mengi.

“Mama Bupe,” alisema baadaye, “uliwahi kuniuliza kitu siku ile tunamenya ndizi.”

Mkono wa Mama Bupe ulisimama juu ya ungo, halafu ukaendelea.

“Niliuliza vitu vingi siku ile. Nilikuwa nimefiwa.”

“Uliuliza kama anayemwachia Mungu huwa haitwi.”

“Na wewe ukanijibu zamu.”

“Nilikujibu vibaya.”

“Nyamaza, Mama Ipyana.”

Alisema bila kupaza sauti. Akaokota jiwe dogo, akalitazama, akalitupa mbali uwanjani.

“Nyamaza nikuambie mimi kwanza. Baba Bupe alipokufa, Lugano alitaka kwenda kuchoma moto ile hospitali. Unamjua Lugano. Nilimshika shati, nikamwambia baba yako alimwachia Mungu mwenyewe, kwa kinywa chake, nilisikia. Hakunyimwa. Alichagua. Bupe naye nikamwambia hivyo. Wale watoto wakalala. Mimi mwenyewe nikalala. Nimemzika mtu aliyechagua. Sasa wewe umekuja na miwani yako kunifanya nimzike tena mtu aliyesahauliwa?”

Mama Ipyana aliinua macho kwenye nguzo ya baraza. Aliona tena zile ndevu, na kioo kidogo kilichotundikwa kwenye nguzo ya baraza ile ile, na Baba Bupe akijitazama shavu la kulia, la kushoto, akimpungia mkono: leo, Mama Ipyana, leo ndiyo leo.

“Kuna mwanamke,” alisema. “Anauza vitumbua. Kesho wakiliacha neno lile kama lilivyo, atarudishwa nyumbani akasubiri kama Baba Bupe alivyosubiri.”

“Simjui.”

“Yuko hai.”

“Na mimi niko hai!” Sasa sauti ilipanda, kuku wakatawanyika. “Mimi pia niko hai, Mama Ipyana. Au kwenye karatasi zenu sihesabiwi mpaka niugue?”

Akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono, akavuta ungo wake.

“Kamponye huyo wako. Sikukatazi, ningekuwa mchawi nikikukataza. Lakini kwangu usije na karatasi. Mwambie daktari wako mlango wa Mama Bupe ulikuwa umefungwa.”

“Sheria inanitaka nifike.”

“Basi fika, ukute umefungwa.”

Walichagua maharage mpaka yakaisha, maana haikuwezekana kuyaacha katikati. Mama Bupe akampimia bakuli moja la kwenda nalo, kama kawaida yao. Mama Ipyana alilipokea kwa mikono miwili.

*

Jumanne saa tatu kasorobo Mama Ipyana alikuwa wa kwanza chumbani. Alisali ameketi, kwa maneno machache. Hakumwomba Mungu amwonyeshe la kufanya, kwa sababu alikwisha kuliona. Aliomba nguvu za magoti, kwa ajili ya nyumba arobaini na moja na vilima vilivyoko katikati yake.

Madaktari wakaingia. Masalu alimletea chai kwenye kikombe cha karatasi, akakiweka mbele yake bila kusema, akarudi mahali pake.

“Baraza limekaa,” Lwitiko alisema. “Namba saba ya jana. Kiti.”

“Mimi nimemwachia Mungu,” Subilaga alisema kutoka kwenye mti mweusi.

“Shahidi?”

“Ndivyo tunavyosema,” Mama Ipyana alijibu, “lakini si kukataa.”

“Sentensi ni mbili tu, mama. Chagua moja.”

“Sivyo tunavyosema.”

Kioo cha meza kikawaka, kikauliza kama Shahidi analifuta neno la kumi na nne, na kama anajua kuwa Shahidi aliyelifuta neno lake mwenyewe haendelei kuwa Shahidi. Hili la pili hakulijua. Aliwatazama madaktari, akaona kwamba wao walilijua tangu jana na hawakumwambia. Hakujua kama walimficha kwa ubaya au kwa huruma. Aliweka kidole pale palipotakiwa kidole.

Chini ya meza mashine ikaanza kuchapa majina. Ilichapa muda mrefu. Lwitiko alisubiri imalize, akazikunja karatasi.

“Sahihi yangu iko kwenye zote,” alisema. “Mama Ipyana, unafungua makaburi ya watu.”

“Nafungua karatasi, daktari. Makaburi nitayakuta nikifika.”

“Utawaambia nini?” Shose aliuliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. “Wale ambao hatutajua kamwe.”

“Nitawaambia sijui. Na kwamba aliyesema ndivyo ni mimi.”

“Unaanza na nani?”

“Jirani yangu.”

Lwitiko akampa karatasi. Kisha akageukia kile Kiti kama anakiona kwa mara ya kwanza. Sheria ilisema Kiti kikipoteza neno, kinazimwa, na mgonjwa mwenyewe anakuja kukikalia. Haikuwahi kutokea. Masalu akainuka, akakifuta vumbi kwa kiwiko cha koti lake.

Subilaga aliletwa kutoka nyumba ya kusubiria, alikolazwa tangu jana shauri lake lilipoahirishwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega yamechongoka, lakini alitembea kwa haraka kama mtu aliyeacha mafuta jikoni. Alisalimia kila mmoja kwa zamu, akimpa mkono, na kwa Lwitiko akapiga goti kidogo. Alipoonyeshwa pa kukaa alikaa kwenye ncha tu ya kile kiti.

“Mama,” Lwitiko alisema, “tumekuita tukuulize. Tunaweza kukutibu. Wiki tano za dawa na mionzi, halafu upasuaji mkubwa. Unakubali?”

Subilaga alitazama meza. “Kama mtakavyoona ninyi, daktari.”

Masalu alifumba macho. “Miaka tisa,” alisema chini chini, “na tumerudi pale pale.”

Mama Ipyana alikuwa na la kusema, lakini hakuwa tena na ruhusa ya kulisema. Alikaza mikono kwenye kikombe cha chai iliyopoa.

Shose akavuta kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya mgonjwa.

“Dada, mimi ndiye wa dawa,” alisema. “Mimi sikutaka utibiwe hivyo. Sikufichi. Utatapika mpaka umchukie aliyekuzaa. Utapungua, na huna pa kupungua. Na huyu mzee akikufungua, katika watu kumi kama wewe, watatu hawarudi. Usipofanya, utakuwa na miezi kadhaa ya uji, pamoja na wako, nyumbani. Hiyo nayo si aibu. Sasa niambie mimi, usimwambie yeye.”

“Lakini nilivaa kifungo,” Subilaga alisema. “Arobaini zote. Hakikusema?”

“Kilisema unakataa.”

“Mimi? Nilikataa lini?”

Lwitiko alikohoa. “Ulisema umemwachia Mungu. Mara thelathini na mbili.”

“Nilimwambia nani hivyo mara zote hizo?”

“Dada yako. Mteja mmoja. Na nyingine…” Alisoma, akasita. “Nyingine nyingi ni kwenye sala.”

Subilaga alishika mahali pa kifua palipokuwa na kifungo, sasa hapana kitu.

“Mpaka huko mlikuwamo?”

“Kinasikia vyote, mama. Ulielezwa.”

“Nilielezwa kinasikia nikiongea na watu.” Hakuwa anafoka. Aliongea kama anayehesabu chenji. “Yale niliyomwambia Yeye usiku kitandani, na ninyi mliyasikia.”

“Ndiyo,” Lwitiko alisema.

“Mkayaandika.”

“Ndiyo.”

“Mkaona nimekataa.”

Lwitiko aliitikia kwa kichwa.

“Na Yeye,” Subilaga aliuliza, “mlimsikia akinijibu nini?”

Lwitiko alitazama kioo cha meza. Masalu alitazama sakafu. Shose hakuondoa magoti yake. Subilaga aliwapa muda, mmoja baada ya mwingine, akawazungukia kwa macho mpaka akamfikia Mama Ipyana, ambaye hakumjua, wala hakujua karatasi zile zilizokuwa mapajani mwake zilikuwa za nini. Wakatazamana.

Kisha Subilaga akainuka. Alipita katikati ya meza na ukuta bila kumgusa mtu, akaufungua mlango mwenyewe. Nje kulikuwa na ukumbi wenye njia mbili: kulia ni geti na barabara ya lami, kushoto ni wodi. Aligeuka kushoto, na hatua zake zikasikika kwa muda mrefu, za haraka, hazikusema kitu.